Kondo na Mtungi Usiotaka Kuzama

Kondo Likwata wa Kilwa Kisiwani alikuwa mzamiaji, na hakumwachia mtu nafasi ya kusahau. Hata kisimani alikwenda na miwani yake ya kuzamia, kaipandisha kwenye paji la uso. Kazi hiyo alifundishwa na wageni waliokuja miaka ya mwanzo ya Uhuru kutafuta vigae vya kale baharini. Walipoondoka walimwachia mtungi wa hewa wa chuma, wa kubeba mgongoni, na mkanda wa kiunoni wenye vipande vya madini ya risasi vya kumvuta chini. Kijiji kilipogeuka cha ujamaa, akawa mnasuaji wa nyavu na nanga za ushirika.

Mwaka wa sabini na tano mtungi ule ukaota kutu. Fakihi, mwenye mtumbwi wa kuvusha watu, akaleta mwingine kutoka Kilwa Masoko, ng'ambo, wa aluminiamu, unang'aa kama sufuria ya harusi.

"Wamesema huu hewa ikipungua unaelea," Fakihi akamwambia. "Uongeze risasi kwenye mkanda."

"Mimi nazama tangu wewe unaogopa maji ya kuoga," Kondo akajibu. "Mkanda ni ule ule."

Siku hiyo nanga ya boti ya ushirika ilikuwa imenasa kwenye matumbawe, na nusu ya kijiji ilikuja ufukweni kutazama. Kondo akafunga kamba kiunoni, akazama vizuri kabisa. Akaishika nanga, akaanza kuitikisa. Lakini kadiri alivyovuta hewa, mtungi ulizidi kuwa mwepesi, ukaanza kumnyanyua. Kwanza makalio, kisha miguu. Akang'ang'ania nanga kichwa chini kama popo, mpaka vidole vikachoka. Akaibuka matako juu mbele ya watu wote.

"Ndugu Kondo," Mwenyekiti Dadi akaita, "nanga iko wapi?"

"Iko chini, Ndugu Mwenyekiti."

"Na wewe?"

"Mimi nimekuja kuwasalimia."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Kondo, masikio yanamwaka, akakimbilia duka la kijiji. Muuzaji alikuwa mkewe, Esha.

"Mama Abilahi, niazime mawe ya mizani."

"Leo? Sukari imefika leo, Baba Abilahi!"

"Dakika tu."

Akayafunga kwenye mkanda kwa kitambaa, lile la kilo mbili na lile la kilo moja, akarudi majini. Safari hii alitua chini akatulia kama mtu aliyekaa barazani kwake. Nanga ikaanza kulegea. Hapo ndipo kamba ya kiunoni ilipovutwa kwa nguvu, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akapanda juu.

"Kuna nini? Papa?"

"Foleni!" Esha akafoka. Alikuwa amesimama kwenye mtumbwi wa Fakihi, kajifunga kibwebwe. "Bi Kidawa anataka kilo moja. Nimpimie kwa kichwa chako?"

Kondo akamkabidhi jiwe dogo. Akabaki na lile la kilo mbili, na hewa imekwisha kupungua. Alipofika chini, mtungi ukaanza tena vituko vyake. Basi akaokota mawe ya baharini, akayajaza kwenye mifuko ya kaptura. Akatulia. Akaikumbatia nanga, akaigeuza huku na huku, ikachomoka, naye akawapa ishara wamvute.

Nanga ilipanda. Kondo alipanda. Kaptura haikupanda.

Esha alimtupia kanga yake ya kujitanda, na Kondo akatoka majini amejifunga maua mekundu, mkononi ameshika jiwe la mizani. Mwenyekiti akampa shukrani za kijiji bila kumwangalia usoni, maana angecheka.

Baada ya hapo Kondo aliomba risasi za nyavu kuukuu, akaziyeyusha kwenye kikaango, akajitengenezea vipande vyake. Kila mara kabla ya kazi alikwenda kujaribu pale maji yanapofika kifuani. Na somo alilijua sasa, akalitoa bila kuombwa: harusini, msibani, kwenye mkutano wa kijiji kabla ya ajenda. Bibi vizee ambao hawajawahi kulowesha magoti baharini waliweza kukueleza kwamba mtungi wa chuma ukiisha hewa unabaki chini, na wa aluminiamu unataka kilo tatu zaidi, wakaendelea kumenya mihogo.