Mgeni wa Manyunyu

Nilikuwa bado mtoto wa kutumwa chumvi, pale mtaani Nyakabiga, wakati vita vilipotufundisha kupanga sauti. Risasi mojamoja za mbali, upande wa mtaa wa Kinama, sisi watoto tuliziita manyunyu. "Leo ni manyunyu tu," tunasema, tunaendelea kuruka kamba. Nikikumbuka sasa, mimi ninayeitwa Bibi na wajukuu wangu, mwili unanisisimka. Neno zuri kama lile!

Maana nyumbani kwetu lilikuwa neno la Bibi, mama yake mama. Manyunyu ni ile mvua inayolowesha kope ikaacha nguo. Lakini Bibi alilinyunyiza kila mahali. Mboga za wakati wa vita hazikutiwa mafuta, zilitiwa manyunyu ya mafuta. Mume wa jirani, anayeonekana kwake siku moja kisha akapotea, huyo "anapiga manyunyu." Na umbea, ambao Bibi aliupenda (nami sikuuokota barabarani), ulianza hivi: "Nimesikia manyunyu..." Hapo unavuta kigoda.

Tena ilikuwako sheria. Mgeni akiingia manyunyu yakianguka, ameleta baraka, na hatoki mpaka yakatike. Ukimwachia atoke kabla, nyumba yako italia msiba kabla ardhi haijakauka. Na kukatika hakupimwi kwa macho, kwa sababu manyunyu ni mvua ya uongo, unadhani imekwisha kumbe ipo. Kunapimwa kwa unga. Unatandaza unga wa muhogo kwenye ungo, unautoa uani, unaurudisha. Ukiwa na vitundu, mgeni anakaa. Ukiwa laini, anakwenda na amani.

Alasiri moja mlango wa uani ukasukumwa, akaingia Mama Yozefa wa Kinama na furushi la lengalenga kichwani. Zamani alituuzia mboga kila wiki. Lakini tangu watu wagawane mitaa kwa makabila, wa kule hafiki huku, wa huku hafiki kule. Mama aliachia kikombe kikavunjika.

"Yesu wangu! Mama Yozefa, umepita wapi?"

"Kwa njia," akasema. "Mi nikikaa nyumbani, watoto watakula nini? Mutanunua ao hamununui?"

Matone madogo yaling'aa kwenye nywele zake. Bibi ndiye aliyeyaona.

"Amekuja na manyunyu," akasema. "Mupe kiti. Mupe na chai."

Kisha akachukua ndoo akaenda bombani, pale kwenye kona wanapokaa vijana waliojifanya walinzi wa mtaa. Alirudi upesi, ndoo tupu. Bibi kurudi na ndoo tupu, tena bila umbea! Hilo peke yake lilitosha kunitisha.

Mama Yozefa alikuwa ameshamaliza chai, anajifunga kitenge. Alitaka kuvuka kabla ya saa ya kutotembea. Mama naye alitaka hivyo hivyo. "Aende," akanong'ona. "Wakimukuta humu, ni sisi."

"Mvua kwanza," Bibi akasema, akabeba ungo.

Nilimfuata uani. Jua lilikuwa limetoka, hata bati la jiko limekauka. Bibi akaweka ungo chini, akachovya vidole kwenye karai la kuoshea vyombo, akakung'uta juu ya unga. Tip, tip, tip.

Kinywa changu kilifunguka kama cha samaki sambaza nchi kavu. Bibi! Aliyenikataza hata kupiga mluzi wakati wa mvua!

"We," akaninong'oneza, "ukisema, nitakushona midomo."

Akaingia na ungo. "Angalieni wenyewe. Haiyaisha."

"Mama, jua linawaka!" mama akalia.

"Siku hizi nani anasema ukweli, jua?"

Mama Yozefa alivitazama vile vitundu, akashusha pumzi, akakaa tena. Mwanamke aliyepita katikati ya vita na lengalenga kichwani hakuthubutu kuyapita manyunyu.

Bibi alitoka na ungo mara nyingine, akarudi na vitundu vingine. Ndipo tukasikia kelele kutoka kwenye kona, sauti ya mwanamume anaomba, halafu grenedi. Vumbi la dari lilitushukia kwenye vikombe. Hakuna aliyelia. Tulimtazama Bibi tu.

Sasa Bibi akatuambia: bombani alikuwa amesikia vijana wakisema kwamba yule wa lengalenga amepita, na lazima atarudi njia ile ile. Walikaa wakamngoja. Alipochelewa, akapita mtu na baiskeli ya makaa, mgeni asiyejulikana, wakamuua yeye.

"Kwa nini hukusema?" mama akauliza.

"Ningesema, angekimbia. Mutu mwenye woga hana masikio, ana miguu tu."

Askari walipokuja vijana walitawanyika. Bibi akamfunika Mama Yozefa kitenge chake cha kwendea misa, wakashikana mikono kama mama na binti, akamfikisha barabara kubwa akampandisha basi dogo. Alifika. Vita vilipokwisha nilimkuta Kinama kwenye harusi, anawahadithia watu jinsi manyunyu yalivyomwokoa. Mimi, ambaye habari hailali kinywani mwangu, nilikula wali wangu nikanyamaza. Sasa wote wawili, yeye na Bibi, wako mbele ya Mungu, ndiyo maana naandika.

Jioni ile mama alitaka kusonga ule unga, na ndio uliokuwa wa mwisho. Bibi akakataa. Akaumwaga wote kwa kuku. "Unga huu umesema uongo juu ya mvua," akasema. Tulilala na lengalenga tupu, na manyunyu ya mafuta.

Kwa miaka nilidhani Bibi alikuwa mjanja tu, aliyetufunga kwa imani zetu. Lakini mjanja angekula ugali wake akashiba. Bibi aliamini kila neno la sheria ile. Aliiogopa, akaivunja kwa maji ya karai, akakitoa kilio nyumbani kwetu bila kujua kitaangukia wapi. Alijua majina ya mtaa mzima, na ya wanaotembea na wake za nani. Jina la yule mtu wa baiskeli hakulipata. Aliliuliza bombani, sokoni, kanisani, mpaka kwenye kitanda alichofia, aliponishika mkono akaniuliza kama nimesikia chochote.