Mume Wangu Ndiye Aliharibu Makro Yangu

Admin, ficha jina langu kabisa. Watoto wangu wanasoma hii page.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, naishi upande wa Kaplong. Miaka ya tisini nilikuwa karani kwa kiwanda kimoja cha majani chai, na ni mimi peke yangu nilikuwa nimesomea kompyuta. Niliandika makro kwa Excel: unabonyeza mara moja, inapanga lori gani itachukua majani kituo gani na saa ngapi, kisha inaprint. Meneja alikuwa anaita wageni waione.

Jumatatu moja ikakataa. Kwa skrini ikaandika ati kuna kitu haipati. Nilisoma mistari yote ya makro, mmoja mmoja, siku mbili. Sioni kosa. Karani mwenzangu, kijana niliyemfundisha kompyuta mwenyewe, alikaa kando yangu akinimiminia chai. "Pole dada. Tulia, utaipata."

Madereva wakaenda kwa kubahatisha. Vituo viwili vikakosa lori, majani ikashinda kwa magunia hadi ikapata joto, ikageuka nyekundu, haiuziki tena. Wakulima walikuja kiwandani na hasira. Mama yangu alikuwa kati yao. Aliniangalia tu mbele ya watu, akageuka akaenda.

Siku ya tatu nikaipata. Mtu alikuwa ameongeza nafasi moja tupu mwisho wa jina la karatasi ya malori ndani ya Excel, ndio maana makro haikuipata. Kwa macho huwezi kuiona. Nikakimbia kwa meneja.

"Kuna mtu aligusa kazi yangu!"

"Nani mwingine anajua hii mashini kama wewe?"

Nikafukuzwa siku hiyo hiyo. Mwenzangu akapewa kiti changu, lakini sikumshuku. Ni yeye tu alikuja nyumbani kuniona, na mkate na sukari, akasema anajua sina makosa. Baada ya mwaka mmoja tukaoana kanisani. Amekuwa mume mzuri, siwezi kudanganya.

Mwezi uliopita, wiki moja baada ya yeye kustaafu mapema kiwandani, tulikuwa tunakama ng'ombe asubuhi. Akasema bila kuniangalia, "Mama watoto, ile nafasi ni mimi niliweka. Nilitaka meneja aone hujui sana. Sikujua atakufukuza."

Niliweka ndoo chini. Siku mbili nilitafuta hilo kosa, na yeye ameketi hapo, analijua!

"Na kunioa?"

Aliendelea kukama. "Nilianza kuja kwako kwa sababu roho ilikuwa inanisumbua. Mapenzi ilikuja baadaye."

Mama yangu alikufa akiamini ni mimi niliharibu majani yake. Mzee wangu anasema ameshaungama kwa Mungu, nimsamehe, na watoto wasijue.

Sasa kijana wetu anaoa Desemba. Ameomba mimi na baba yake tusimame mbele ya wageni tueleze vile tulipendana. Nimekubali, kwa sababu singeweza kumwambia kwa nini nakataa. Wenzangu, mngekuwa mimi mngefanya aje? Nikipewa hiyo maikrofoni, niseme nini?