Miguu Sabini ya Ijumaa

Mwezi uliopita binti yangu alinijia na daftari la sayansi, akitaka nimsaidie kuwapanga viumbe katika makundi yao: samaki, chura, kaa, kamba, buibui. Alipofika kwa kaa nikacheka peke yangu, naye akadhani namcheka yeye. Ndugu yangu, ningemwelezaje kwamba kaa huyo aliwahi kuninyima raha wiki nzima?

Nilikulia kwa bibi, nje kidogo ya Ushirombo. Ijumaa za Kwaresima nyumba yetu ilikuwa na sheria moja, na bibi hakuipata kwa padre. Aliitunga mwenyewe ili wajukuu tusimchoshe kwa maswali. Chenye miguu hakiingii chunguni. Kuku ana miguu, mbuzi ana miguu, samaki hana. Basi. Wala haikutuumiza, maana Kwaresima hutukuta mvua zikinyesha na ghala likiwa limebaki vumbi, na nyama yenyewe tungeitoa wapi? Tulikula ugali wa mtama kwa mlenda, tukatafuna michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, na moshi wa kuni mbichi ulitufuata kwenye nguo mpaka darasani.

Mwaka ule nilikuwa najiandaa kwa komunyo ya kwanza. Gauni jeupe lilikuwa limeshashonwa, limefungwa kwenye kanga juu ya kabati, nami kila siku nilipanda kiti kulichungulia. Ndipo bibi akashikwa na homa. Siku tatu hakula kitu cha maana. Mlenda umemkinaisha, alisema, anatamani mchuzi.

Ijumaa nikashuka kijitoni, nikiwaza mchuzi tu. Kaa wa kwetu hukaa kwenye matundu ya kingo. Unachomeka bua la mtama, unamchokoza, akilibana kwa gando unamvuta polepole bila papara. Nilipata saba. Nikawachemsha kwa nyanya na chumvi, jiko zima likanukia mto. Bibi alifyonza gando moja baada ya jingine, akamaliza ugali wote, akalala ameshiba. Sijawahi kujiona mtu mzima kama siku ile.

Jumatatu mwalimu wa sayansi akachora kaa ubaoni, akatuambia tuhesabu miguu. Kumi, ukiweka na ile miwili yenye magando. Akasema kaa ni mnyama kamili, asiye na uti wa mgongo, mwenye gamba gumu na miguu ya maungo. Kamba wa baharini ni ndugu yake wa karibu, buibui na nge ni ndugu wa mbali. Samaki, alisema, ana uti wa mgongo, kwa hiyo yuko karibu na sisi kuliko na kaa, hata kama wanakunywa maji mamoja. Wenzangu waliandika. Mimi nilikuwa nazidisha: saba mara kumi, miguu sabini, Ijumaa ya Kwaresima. Na niliyemlisha ni bibi, mgonjwa.

Niliogopa mno. Niliona gauni likigawiwa mtoto mwingine. Jumamosi nikamfuata katekista, jirani yetu, nikamweleza yote nikilia. Akaniambia kuuliza si ujinga, kisha akafikiri sana. Anaishi wapi huyo? Majini, nikasema. Basi yuko upande wa samaki, akaamua, na hakuna dhambi.

Ningepona hapo kama mwalimu asingekuwa mwimbaji wa kwaya. Jumapili baada ya misa alilisikia jambo hilo, akakataa katakata kumwacha kaa aitwe samaki. Wakasimama nje ya kanisa, mmoja na biblia, mwingine na kitabu cha nyimbo, wakibishana kwa heshima zote, na waumini wamewazunguka. Mimi hakuna aliyenitazama. Bibi akaja akijikongoja.

"Mwalimu kahesabu miguu, katekista kaangalia maji," alisema. "Mimi nilikuwa naumwa, mtoto akanipikia. Kama ni dhambi, ni yangu. Nilimwona akirudi na miguu yote ile, nikanyamaza. Mayu, twende ukajaribu gauni."

Mayu ni mama kwa Kisukuma, na ndivyo alivyoniita siku zote. Pasaka nilivaa gauni langu.

Bibi tulimzika zamani, na katekista pia. Binti nilimpa jibu la mwalimu, kwa sababu ndilo la mtihani. Lakini nilitaka amwone kaa mwenyewe, kwa hiyo juzi tulipokwenda kusalimia nyumbani nikamshusha kijitoni na ndoo. Tangu waoshaji wa dhahabu wahamie huko juu, maji yamekuwa kama chai ya maziwa. Nilikata bua, nikachomeka tundu la kwanza, la pili, la tano. Hakuna aliyelibana. Binti akasema jua limekuwa kali, mama, twende. Nikamwomba anisubiri, nijaribu tundu moja tu.