Mtutu wa Kulia, Mtutu wa Kushoto

Harufu ya mafuta ya cherehani hunirudisha barazani kwetu hadi leo. Fundi akiitia mashine yake matone mawili matatu, wengine hukumbuka nguo za sikukuu. Mimi hukumbuka bunduki. Baba aliisafisha kila Ijumaa baada ya sala, ameikunja katikati juu ya jamvi, kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti kikiingia na kutoka mitutuni, na harufu ya baruti iliyoungua ikichanganyika na ile ya mafuta na ya mchuzi wa nazi uliokuwa bado jikoni. Alikuwa amestaafu kazi ya ulinzi katika shamba la mkonge. Bunduki aliirithi kwa mjomba wake, akawa nayo kwa kibali cha polisi, na katika kijiji chetu, kando ya barabara iendayo Horohoro, hapakuwa na nyingine. Kwa hiyo kila mtama ulipoanza kukomaa na njiwa mwitu wakashuka mashambani makundi kwa makundi, watu walipiga hodi kwetu alfajiri na kusema, "Mzee Bakari, tusaidie."

Ilikuwa na mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, na wengi walidhani wa pili ni akiba tu ya ule wa kwanza. Mwaka niliokuwa darasa la tano baba alinionyesha kuwa sivyo. Alitundika karatasi ya mfuko wa saruji mbele ya kichuguu kikubwa nyuma ya shamba, akahesabu hatua thelathini, akapiga kwa mtutu wa kulia. Akatundika karatasi nyingine, akapiga kwa wa kushoto. "Hesabu matundu," aliniambia. Karatasi ya kwanza ilikuwa na matundu machache, yametapakaa kama ndui. Ya pili nilishindwa kuihesabu. Matundu yalikuwa yamesongamana katikati hadi mengine yameungana. Kisha akaifungua bunduki ikiwa tupu, akachonga kijiti cha mpera na kukiingiza kwenye mdomo wa kila mtutu. Kwa kulia kijiti kilicheza. Kwa kushoto kilikwama.

"Huu umebanwa mdomo," alisema. "Marisau yakitoka humu huenda pamoja hadi mbali, hayaharakishi kuachana. Huu wa kulia uko wazi, punje hutawanyika mapema. Ndege wa karibu ukimpiga kwa wa kushoto utamsaga, hutapata hata nyama ya kuchovya. Wa mbali ukimpiga kwa wa kulia, atapita katikati ya marisau, au ataondoka na jeraha akafie porini bila faida ya mtu. Hiyo ni dhambi. Kwa hiyo kabla ya kupiga, jiulize kwanza: karibu au mbali?"

Likizo ya mwaka ule swali hilo likawa kazi yangu. Kaka zangu wawili walikuwa Tanga mjini wakisoma chuo, nami nilikuwa mtoto pekee nyumbani. Tulijificha kwenye kibanda cha mabua pembeni mwa shamba, umande ukitulowesha hadi magotini, na kila njiwa walipotua baba alininong'oneza, "Karibu au mbali, Saumu?" Nikimjibu karibu, kidole chake kilikwenda kwenye kilimi cha mbele, cha kufyatulia mtutu wa kulia; nikisema mbali, kilirudi kwenye cha nyuma. Alitamka Bismillahi, bunduki ikalia, nami nikakimbia kuokota ili awahi kuwachinja waliokuwa bado hai. Nilijua umbali kama wenzangu walivyojua kuruka kamba. Nilijiona mtu mzima. Hakuna sifa niliyowahi kupewa baadaye, shuleni wala kazini, iliyonipandisha kichwa kama kukiona kidole cha baba kikitii neno langu.

Lakini nilijua jambo ambalo hakuna mwingine aliyelijua. Tangu Ramadhani nilikuwa nimeona baba akisoma Yasini bila kugeuza ukurasa, msahafu umefunguliwa popote ulipofunguka. Nilimwona akimimina chai hadi ikafurika kwenye kisahani. Shambani hakuuliza tena karibu au mbali tu. Aliuliza upande gani, juu ya kitu gani, na wakati mwingine alisubiri kusikia mbawa ndipo ainue bunduki. Wahenga walisema macho hayana pazia. Ya baba yalikuwa nalo, na kila wiki lilishuka kidogo. Nilinyamaza. Ningeweza kusema nilinyamaza kwa heshima na kumsitiri mzazi, na kweli heshima ilikuwepo, lakini si hiyo iliyonifunga mdomo. Nilijua kwamba siku macho yake yatakapojulikana, nafasi yangu ndani ya kibanda itakwisha.

Asubuhi moja njiwa kama ishirini walitua kwenye masuke ya mtama upande wa mwisho wa shamba, pale linapopakana na kunde za jirani yetu, Bi Rukia. Baba aliuliza, nikamjibu, "Mbali." Kidole kikaenda kwenye kilimi cha nyuma. Hapo ndipo nikaona, nyuma ya njiwa, kitu cha manjano kikipanda na kushuka katikati ya mabua. Ilikuwa kanga. Bi Rukia alikuwa ameinama akichuma majani ya kunde.

"Baba, usipige."

"Wameruka?"

"Hawajaruka. Bi Rukia yuko nyuma yao."

Hakuishusha bunduki. Nakumbuka vizuri, kwa sababu niliuona mshipa wa shingo yake ukipiga. "Yuko wapi?"

"Pale, Baba. Amejifunga kanga ya manjano."

Ilikuwa manjano ya papai bivu, na jua lilikuwa limeipiga. Baba alikaza macho muda mrefu, kisha akasema taratibu, "Simwoni." Akaifungua bunduki, akatoa risasi zote mbili, akazitia mfukoni. Bi Rukia alinyooka kupumzisha mgongo, akatuona, akasalimu kwa mbali, akauliza kama njiwa wametumaliza. Baba alimjibu kwa sauti yake ya kila siku kwamba ni salama, alhamdulillahi.

Njiani alitangulia, nami nikimfuata. "Umejua tangu lini?" aliuliza bila kugeuka. Nikamwambia tangu Ramadhani. "Na mbona hukusema?" Nikaendelea kukanyaga nyayo zake. Tulipokaribia nyumbani akasimama. "Basi na leo usiseme," alisema, na hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeomba. Jioni Bi Rukia alituletea fungu la majani yale ya kunde. Mama aliyapika kwa nazi, na baba aliyala yote yaliyokuwa mbele yake.

Nilikaa na siri ile siku mbili. Mama alipenda kutuambia kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, nami niliyashika maneno hayo kama kinga. Siku ya tatu watu walikuja tena kupiga hodi, na nikamwona baba akipapasa ukutani kutafuta mkoba wa risasi. Nikaenda jikoni. Mama alikuwa amekalia mbuzi akikuna nazi. Nilimweleza yote, na mkono wake ukasimama juu ya kifuu. Hakunikemea. Aliinuka na machicha yakiwa bado vidoleni, akasimama kwenye mlango wa mbele, nami nikampita hadi barazani.

"Baba Saumu, leo huendi," alisema.

"Nani amekwambia?"

"Huyo uliyetaka abebe siri yako peke yake."

Baba aligeuka kunitazama. Uso wake ulikwenda kwenye nguzo ya baraza, si kwangu. Mimi nilikuwa kulia kwake, hatua mbili tu. Hakuna kilichoniuma maishani kama kumwona baba akiikasirikia nguzo.

Hakunisemesha hadi shule zilipofunguliwa. Wiki ile ile aliifunga bunduki kwenye gunia, akapanda basi na mama hadi Tanga, akaikabidhi polisi kwa hiari yake. Njiwa walikula mtama mwaka ule. Wapo walionung'unika, maana hawakuambiwa sababu, na sisi watoto wa kijiji tulishinda mchana kutwa tukipiga madebe hadi mikono ikatoka malengelenge. Baadaye kaka zangu walimpeleka hospitali, akatolewa mtoto wa jicho, kwanza jicho moja kisha la pili. Alipofunguliwa bandeji alinitazama kwa muda. "Umerefuka," alisema. Tuliishia hapo, hakutamka kunisamehe, nami sikuomba.

Miaka ikapita, mama akamuuliza kwa nini haombi tena kibali, ikiwa macho yamerudi. Nilikuwepo. Baba alisema, "Macho yamerudi. Lakini siku ile niliambiwa kuna mtu, na bado kidole changu kilikaa pale pale. Nilitaka mtoto awe amekosea." Ndipo nilipoelewa ule mshipa wa shingo.

Baba ametangulia mbele ya haki. Mimi naishi Raskazone, Tanga mjini, nafanya kazi katika ofisi ya shule, na mama anakaa nami. Mwezi huu ameanza kusahau. Wiki iliyopita nilirudi kutoka kazini nikakuta gesi imefunguliwa, jiko halijawashwa, naye amekaa sebuleni akichambua mchele. Alinishika mkono akaniomba nisiwaambie kaka zangu, wasije wakamchukulia kama mtoto. Wakati ule nilinyamaza tangu Ramadhani hadi mtama ukakomaa, kwa kuwa kimya kilinipa mahali pa kukaa ubavuni mwa baba. Safari hii niliwapigia simu jioni ile ile, mama akiwa chumba cha pili akisikia. Leo ni siku ya tano hajaniambia neno. Asubuhi nimempelekea chai, nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, maana hiyo haikataliki, kisha akageukia ukutani.