Nilimfundisha Binti Yangu Kuniita Anti

Msinihurumie, tafadhali. Nilikosa, na nilikosa nikiwa na akili zangu timamu. Nimekaa na jambo hili miezi minane na sijamwambia mtu mzima hata mmoja yote, kwa sababu kila nikifungua mdomo naona aibu inanitangulia kutoka.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na saba. Kwetu ni Dundori, huko juu kwenye viazi na ukungu, na kazi yangu ni kuuza dawa za mifugo katika duka moja mjini Nakuru. Nina mtoto mmoja, msichana. Nilimpata nilipomaliza kidato cha nne, na baba yake alipotea hata kabla tumbo halijaonekana. Nitamwita Shiro, ingawa si jina lake. Tunaishi naye kwa mama yangu, sisi watatu na ng'ombe mmoja.

Mwaka jana nilipata nafasi ya kusomea uuguzi katika chuo kimoja huko Ulaya. Siku barua ilipofika, mama alipiga magoti pale pale jikoni akaomba mpaka sufuria ya githeri ikaungua. Kilichobaki kilikuwa visa ya mwanafunzi tu. Jamani, visa!

Kuna wakala mjini anayesaidia watu kujaza fomu. Nilienda ofisini kwake na karatasi zangu zote. Alipofika kwenye swali la watoto akainua macho.

"Uko na mtoto?"

"Mmoja."

"Aki madam, hapo umejimaliza. Watasema unaenda kukaa huko, alafu umvute na yeye. Andika huna. Nani atajua?"

Nikaandika sina! Hakunishika mkono. Niliandika mwenyewe, kwa mwandiko wangu mzuri wa shule, na njiani nikajiambia kwamba karatasi ni karatasi tu, mtoto bado ni wangu.

Ningeishia hapo labda ningekuwa na uso wa kujitetea. Lakini wakala aliniambia pia kwamba wakati mwingine wanapiga simu nyumbani kuuliza wewe ni mtu wa aina gani. Namba ya nyumbani niliyokuwa nimeandika ni ya mama, na simu ya mama hukaa juu ya kabati la vyombo. Ikilia, anayeikimbilia ni Shiro. Anapenda simu huyo mtoto!

Basi nikaanza kumfundisha. Ilikuwa jioni, tunamenya viazi, mimi na yeye kwenye vigoda.

"Mimi ni nani?"

"Mami."

"Hapana. Mtu akipiga simu, mimi ni nani?"

"Anti."

Nikampa biskuti. Tukarudia. Kila akipatia, biskuti. Mwanzoni alicheka sana, alifikiri ni mchezo. Mama alikuwa amesimama mlangoni na karai la maganda ya kumpa ng'ombe.

"Na huyo wa simu akiniuliza mimi, nimwambie nini?" akauliza.

"Mathe, ni ya muda tu. Nikipata visa tunaacha."

"Mimi simo," mama akasema, akaenda zake zizini.

Wiki iliyofuata, Jumamosi mchana, nilikuwa shambani nyuma ya nyumba nikasikia simu inalia. Nilitupa jembe nikakimbia. Nilifika mlangoni nikamsikia Shiro anasema kwa adabu yake yote, "Mami ako kwa shamba, wacha nimwite."

Nilimpokonya ile simu nikamzaba kofi. Mtoto ambaye nilikuwa sijawahi kumpiga hata kwa kanga! Nikamwambia, "Unataka kuniharibia maisha?"

Mnajua ni nani alikuwa amepiga? Karani wa wakala. Alitaka picha mbili zaidi za pasipoti. Picha tu!

Tangu siku hiyo Shiro hakukosea tena. Alianguka siku moja kwenye mawe akakwaruza goti lote, na hata katika kulia kule aliita, "Anti! Anti!" Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba amelishika somo.

Sasa sikieni nilivyoumbuka. Wakala alisema barua ya kanisa inasaidia, inaonyesha tabia njema. Pasta wetu ni mtu mzuri, ananijua tangu nikiwa Sunday school. Aliiandika kwa furaha, akaifunga kwenye bahasha na kupiga muhuri juu ya mahali ilipofungwa ili mtu asiifungue. Sikuifungua. Niliiweka kati ya karatasi zangu nikaipeleka Nairobi kama ilivyo.

Kwenye mahojiano ya visa ubalozini nilipokewa na mama mmoja mpole mwenye miwani. Aliuliza habari za chuo, nikajibu vizuri. Akauliza kwa nini uuguzi, nikajibu vizuri zaidi. Halafu akaikata ile bahasha, akasoma polepole.

"Una mtoto?" akauliza.

"Hapana."

Akageuza barua niione. Pasta alikuwa ameandika kwamba mimi ni mama mwenye bidii, ninayemlea binti yangu peke yangu katika njia ya Bwana, na kwamba kanisa zima linajivunia mimi. Kanisa zima!

"Huyu binti ni nani?"

Hapo ndipo ningeweza kujiokoa. Ningesema ukweli, ningelia, ningeomba radhi. Badala yake nikasikia mdomo wangu unasema, "Ni wa dada yangu. Alifariki." Mimi sina dada! Nilimzua dada na kumzika papo hapo, mbele ya mgeni.

Yule mama aliandika kitu. Kisha akavua miwani, akaniambia kwamba wanafunzi wenye watoto huomba visa kila siku, na mtoto anayekungoja nyumbani huwa sababu nzuri ya kuamini kwamba utarudi. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu: nimenyimwa, kwa sababu maelezo niliyotoa hayaaminiki. Nafasi ya chuo ikaenda. Mama nilimwambia tu kwamba imekataliwa. Pasta aliponisalimia Jumapili akauliza kama barua yake ilisaidia. "Sana, Pasta," nikasema.

Lakini hayo yote siyo ninayoyaungama. Ninaloungama ni hili.

Siku ile jibu lilipokuja nilikuwa nimekaa kwenye kochi, karatasi mapajani. Shiro akaja akasimama mbele yangu na sare zake za shule. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Ni juu ya vile nilisema mami kwa simu?"

Nilinyamaza! Mtoto wa miaka minane ananiuliza kama yeye ndiye aliyeniharibia, na mimi mama yake nikanyamaza. Ilikuwa rahisi zaidi yeye akidhani hivyo kuliko mimi kusema nilimkana. Niliinuka nikaenda kumpa ng'ombe maji. Niliporudi alikuwa ameosha vyombo vyote bila kutumwa.

Alianza kuwa mtoto mzuri kupita kiasi. Haombi kitu. Hapigi kelele. Na hakuacha kuniita anti. Mwanzoni nilijidanganya kwamba ni mazoea, yatamtoka. Miezi ikapita. Mama anatuangalia tu, na macho yake yananiuma kuliko matusi.

Wiki iliyopita shule zilifungwa, nikaenda kuchukua ripoti yake. Mwalimu wake ni mpya. Akamuuliza, "Na huyu ni nani amekuja?" Shiro aliniangalia kwanza, kama anayeomba ruhusa, halafu akasema, "Ni anti yangu." Mwalimu akanipa mkono. "Karibu, anti. Mamake yuko wapi?"

Nawaambieni, nilisimama pale kama mwizi.

Tulipofika nyumbani nilimkalisha kwenye kile kigoda cha viazi nikamwambia yote. Kwamba hakuharibu kitu. Kwamba ile simu ilikuwa ya picha tu. Kwamba ni mimi niliyedanganya, mara mbili, na wakanigundua. Nikamwomba msamaha nikilia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanifuta machozi na mkono wa sweta.

"Sawa, anti," akasema.

Wewe unayejaza fomu leo, mtu akikwambia umfute mtoto wako ili upite, inuka uondoke! Andika jina lake. Wakikunyima, utarudi nyumbani na mtoto wako. Mimi nilinyimwa na nikarudi mikono mitupu.

Jana simu ya mama ililia juu ya kabati. Shiro alikuwa karibu nayo kabisa. Hakuishika. Alirudi nyuma hatua mbili, akaweka mikono mgongoni, akaningoja mimi.