Besi Iliyokataa Kuungana na Wenzake

Nyie mnaominya kitufe besi ikatoka, hamjui raha mliyonayo. Siku yangu ya kwanza kazini, bendi ya shirika moja la umma pale Temeke, nilifika nikijua nikiikosa nimekwisha. Enzi zile ukikutwa mjini huna kazi unaitwa mzururaji, unapandishwa lori kwenda kulima kijijini. Binamu yangu Saidi walimzoa Vingunguti akila muhogo. Muhogo akaondoka nao.

Bwana Meneja hakunisalimia. "We ndo fundi mitambo mpya? Bugi saa tisa. Besi isiposikika, kesho usije."

Bugi ni dansi la mchana, Jumapili. Saa tisa ilikuwa karibu kuliko nilivyopenda.

Fundi Mkuu, mzee wa Newala asiyeongea bila kusonya, alinionyesha mitambo: spika mbili za mbele, za waimbaji na magitaa, na boksi la besi, zito kama kabati la bibi harusi. Waya wa boksi unapitia kwenye kichujio kinachozuia sauti nyembamba.

"Kazi yako," akasema, "mtu asijue besi inatokea wapi. Akijua, umeharibu."

Nikawasha boksi peke yake: madirisha yanalia. Spika za mbele peke yake: safi. Nikawasha zote pamoja, besi ikafa. Nikaongeza sauti. Wapi! Nikalisukuma boksi kwenye kona, maana ukuta huwaga unaipa besi nguvu. Bado maiti. Nje watu wameshajipanga, suruali pana zinafagia vumbi, Meneja anatazama saa. Mie nalisikia lori.

"Mzee, besi imenigomea."

Akasonya. "Spika ya besi iliungua, ikasukwa upya koili, ule waya wake wa ndani, kwa mafundi wa mtaa wa Gerezani. Umeiuliza inasukuma au inavuta?"

"Inaulizwaje?"

"Kwa betri. Kwani kwa barua?"

Betri zilikuwa adimu madukani. Nikamkimbilia mlinzi wa mlangoni, anipe ya tochi yake.

"Mchana huu nikiibiwa gitaa nitasema betri ilikuwa kazini?"

"Tochi ya nini mchana, braza? Jua lote hili!"

Akacheka, akanipa.

Nikagusisha betri kwenye waya za spika ya mbele: karatasi yake, ile inayotikisika, ikaruka nje. Nikagusisha vilevile kwenye besi: karatasi ikarudi ndani. Msukaji alizungusha koili kinyume. Huku spika zinasukuma hewa, huku boksi linaivuta, kama mtu na mkewe wanaogombea mlango mmoja. Nikageuza waya, chanya ikakaa kwa hasi.

Nikawasha zote, besi ikajaa ukumbi mzima. Fundi Mkuu akasimama katikati ya ukumbi, kafumba macho.

"Inatokea wapi?"

"Sijui, mzee."

Meneja akapita, akaamuru milango ifunguliwe.

"Huyo hasifiagi," mzee akaninong'oneza. "Kesho uwahi."

Nikawahi, miaka yote. Nikahamishiwa Kinondoni, kisha Msasani, mameneja wakibadilika, mpaka mie mwenyewe nikaitwa Fundi Mkuu, nikastaafu. Sasa nakaa Kipawa. Kukiwa na harusi mtaani, vijana wanapanga maboksi ya besi mpaka vikombe vinatembea mezani. Watu wanacheza, mie natega sikio, moyo juu, nasubiri besi ife.

"Baba Neema, kaa chini," mke wangu ananiambia. "Hiyo si kazi yako tena."

Nakaa. Roho ndo haikai.