Yule Bwana wa Kushoto

Saa moja asubuhi, fundi wa pancha amepiga magoti juu ya tairi la lori, mtaimbo mkono mmoja na nyundo mkono mwingine. Dereva wa lori amesimama pembeni anatazama saa yake kila baada ya muda, kana kwamba saa ndiyo itakayoziba pancha. Juu ya rafu, kati ya makopo ya gundi, redio iliyofungwa kwa ukanda wa tyubu inakoroma matangazo ya sabuni.

Matangazo yanakwisha, na ile sauti inaingia.

Fundi anainua mkono. Nyundo inatua chini, kompresa inazimwa. Dereva anafungua mdomo alalamike, anaona uso wa mzee, anaufunga tena.

"Sikiliza anavyochelewa," fundi ananong'ona. "Ngoma imeshafika, gita limeshafika, yeye bado yuko njiani. Anachelewa kama mtu anayejua atasubiriwa."

Anatabasamu. Kisha tabasamu linamkauka usoni. "Na sisi wajinga tukamsubiri."

Sauti hiyo ni ya Chiriku, mwimbaji wa jazi ambaye wazazi wetu walichumbiana kwa nyimbo zake. Wimbo wenyewe una jina lake rasmi, lakini watu wanauita wimbo wa mlango: mwanamume amesimama nje alfajiri, anaomba afunguliwe, na hafunguliwi. Baada ya ubeti wa pili Chiriku ananyamaza, na tarumbeta inaingia peke yake. Inapanda, inasita, inashuka polepole kama mtu anayetafuta ufunguo mifukoni. Ndipo ubeti wa tatu unaanza.

Dereva anaufuatisha mpigo huo wa tarumbeta kwa mluzi, bila kukosea.

"Unaujua huo?" fundi anamuuliza.

"Nani asiyeujua, mzee? Hata mwanangu wa miaka mitano anaupiga mluzi akienda chooni."

"Ni mimi huyo."

Dereva anamtazama kuanzia kandambili mpaka kofia. "Sawa, mzee wangu," anasema. "Funga tairi twende."

Fundi huyo ndiye Pumzi, mwenye umri wa miaka sabini na moja. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu aliweza kushikilia noti moja huku Chiriku akienda nyuma ya jukwaa, akinywa maji, akirudi na kumkuta bado anapuliza. Siku hizi kinachopuliza ni kompresa. Siku njema huhudumia magari tisa. Siku mbaya ni baiskeli mbili na msururu wa majirani wanaoomba upepo wa bure.

"Mimi niliolewa na tarumbeta," anasema mkewe, ambaye anauza vitambaa kwenye kibaraza cha jirani na hakosi neno la kuchomekea. "Nikaja kuzeeka na kompresa."

Bendi ilikuwa ya watu watano. Mbele alisimama Chiriku. Nyuma yake Radi alipiga ngoma, Nguzo alishika besi, na Sindano alicharaza gita na kutunga maneno ya karibu nyimbo zote. Pumzi alisimama kushoto kwa mwimbaji, karibu kabisa, bega kwa bega. Watu waliokuja kucheza walidhani ni madoido ya jukwaani.

Hayakuwa madoido. Chiriku alikuwa hashiki maneno.

"Mungu alimpimia sauti kwa debe, kumbukumbu akampimia kwa kijiko cha chai," Pumzi anasema. "Kila ubeti ilibidi nimpe neno la kwanza. Nikishampa hilo moja, mengine yanafuata yenyewe kama mbuzi nyuma ya kiongozi wao. Nisipompa, anasimama pale, suti imenyooka na mdomo uko wazi."

Kwa hiyo kazi ya Pumzi ilikuwa kupuliza, kuondoa tarumbeta mdomoni, kumnong'oneza Chiriku neno sikioni, na kurudisha tarumbeta kabla ya kupitwa. Aliifanya kazi hiyo miaka kumi na saba. Hakuna mpenzi wa bendi aliyewahi kuigundua.

Na Chiriku aliimba chochote alichoambiwa. Ubeti wa tatu wa wimbo wa mlango unaanza kwa maneno "Machozi yangu yamekauka." Usiku mmoja safarini, wanabendi wakiwa wamekasirishwa na Chiriku kuchukua chumba chenye kitanda na kuwaachia wao mikeka, Pumzi alimnong'oneza "Mashati."

"Akaimba," anasema Pumzi, na hapo kwa mara ya kwanza anacheka mpaka anashika mbavu. "'Mashati yangu yamekauka.' Hakushtuka hata kidogo! Na aliimba kwa uchungu mkubwa, dada yangu, mwanamke mmoja mstari wa mbele akatoa leso akafuta machozi. Radi alishindwa kupiga ngoma. Hapo ndipo nilipojua kwamba yule mtu, hata ukimpa orodha ya vifaa vya ujenzi, atakuliza."

Anajifuta macho kwa kiganja chenye grisi. Ukimsikiliza mzee huyu akimzungumzia Chiriku, huwezi kujua chuki inaanzia wapi na mapenzi yanaishia wapi. Mwandishi wa makala haya alijaribu kutafuta mpaka huo kwa wiki nzima, akashindwa.

Hata ule mpigo wa tarumbeta, ambao taifa zima linaupiga mluzi, ulizaliwa kwa kosa. Siku ya kurekodi walikuwa wamebakiwa na nafasi moja tu. Mwenye studio alikuwa ameshavaa koti. Chiriku akamaliza ubeti wa pili, akageuka kushoto, macho yamemtoka. Lakini siku hiyo Pumzi alikuwa na noti ndefu mdomoni na hakuweza kunong'ona.

"Nifanye nini? Nikaendelea kupuliza. Nilipuliza chochote kilichonijia, natafuta pa kutokea. Nguzo ananifuata kwenye besi, ananitazama kama anayemtazama mwendawazimu. Mwisho nikapata mwanya, nikaondoa tarumbeta, nikamwambia 'machozi.' Akaingia."

Walijua watafokewa. Mwenye studio akasema tu, "Imetosha, nendeni makwenu."

Sahani ya santuri ilipotoka, watu waliukamata mpigo ule kabla ya kuyakamata maneno. Kuanzia hapo, Chiriku akijikumbukia mwenyewe na kuingia ubeti wa tatu moja kwa moja, ukumbi ulizomea. Ikabidi asahau kila siku, kwa makusudi, mahali palepale.

Ukiwa na sahani ya zamani na ukatega sikio vizuri, utaisikia: kabla tu ya ubeti wa tatu, sauti ya kiume, ya chini, isiyo ya mwimbaji, inasema "machozi." Hiyo ndiyo sauti pekee ya Pumzi iliyowahi kurekodiwa.

Kisha akatokea wakala kutoka ng'ambo, akamtaka mwimbaji peke yake. Chiriku aliwaaga wenzake kwa kuwakumbatia mmoja mmoja, akaahidi kuwaita akishatulia.

"Bado tunasubiri," anasema Pumzi. "Si tulishazoea kumsubiri?"

Mkewe hacheki. "Shukrani ya punda ni mateke," anasema, akikung'uta kitambaa kwa nguvu ambayo kitambaa hakikuistahili.

Nguzo alifariki kwanza, kwa ini. Radi akafuata. Siku ya mazishi ya Radi, mmoja wa wachimba kaburi alikuwa na redio ndogo, na redio ikapiga wimbo wa mlango. Waombolezaji wakasimama wakisikiliza ngoma za mtu waliyekuwa wanamteremsha ardhini. Kutoka kwa Chiriku, ambaye wakati huo alikuwa amesharudi nchini na anakaa mwendo wa nusu saa kutoka makaburini, haikuja hata chembe ya salamu.

Sindano yu hai, ila kiharusi kimemchukua mkono wa kulia, na dada yake ndiye anayemlisha. Pumzi naye aliuza tarumbeta yake mwaka ambao mkewe alilazwa. Kilichobaki ni kile kipande cha mdomoni, ambacho hukaa mfukoni mwa ovaroli yake. Akiwa na furaha hukichomeka kwenye mpira wa kompresa uliochakaa na kupuliza ule mpigo. Unatoka mbovu, unakwaruza, lakini ni wenyewe.

Haya yote, anasema, aliyameza. Wanamuziki wengi wamekufa maskini na yeye si wa kwanza. Kilichomkwama kooni ni maneno mawili.

Mwaka jana Chiriku alihojiwa redioni. Pumzi alikuwa hapahapa kibandani, tairi katikati ya miguu. Mtangazaji akauliza swali ambalo mzee huyu alilisubiri nusu ya maisha yake: nani aliyepiga tarumbeta katika wimbo wa mlango?

"Ah," akajibu Chiriku, kwa sauti ileile ya asali. "Vijana fulani."

"Vijana fulani," Pumzi anarudia, taratibu, kama anayeonja kitu kilichooza. "Radi kijana fulani. Nguzo kijana fulani. Sindano, aliyemwandikia kila neno lililomjengea nyumba, kijana fulani!"

Miezi michache baadaye nyimbo zilitolewa upya, zimesafishwa. Jalada la zamani lilikuwa na picha ya watu watano. La sasa limekatwa, amebaki Chiriku peke yake, isipokuwa kiwiko cha mkono kinachochungulia pembeni, kushoto kwake. Kiwiko hicho ni cha Pumzi. Na ndani, pale kabla ya ubeti wa tatu, mnong'ono haupo tena. Mafundi mitambo wameuondoa pamoja na mikwaruzo.

"Wameniondoa kama uchafu," anasema. Anaanza kushughulika na valvu ambayo haina tatizo lolote.

Ndipo mwezi uliopita likasimama gari jeusi mbele ya kibanda. Tairi zake zilikuwa nzima. Aliyeshuka ni mpwa wake Chiriku, anayesimamia shughuli za mjomba wake, amevaa viatu ambavyo hakutaka viguse lile vumbi.

Alieleza kwamba Chiriku, mwenye miaka themanini, ataimba kwa mara ya mwisho Jumamosi hii inayokuja, ukumbi mkubwa, tiketi zimekwisha. Kuna bendi ya vijana, hodari, wanapiga kila noti kama ilivyo kwenye sahani. Tatizo ni maneno. Walimwekea skrini miguuni, hakuitazama. Walimpachika spika ndogo sikioni, akaing'oa akisema kuna mbu. Kila wimbo ukifika ubeti unaofuata, mzee anageuka kushoto.

"Mjomba anasema hawezi mpaka ampate yule bwana wa kushoto," mpwa alisema.

Pumzi anakiri kwamba alipata tumaini. Akauliza kama atapewa tarumbeta.

Hapana, tarumbeta ipo, inapigwa na kijana. Yeye atakaa kwenye kiti nyuma ya pazia, upande wa kushoto, asionekane, na kazi yake itakuwa kunong'ona.

"Na majina yetu?" Pumzi aliuliza. "Atayataja? Mara moja tu, sisi wanne."

"Tutaona, mzee," mpwa akasema.

Mkewe alisikia yote kutoka kibarazani. "Nilimwambia mume wangu, ukienda kujificha nyuma ya pazia kama mwizi, usirudi kwangu na njaa," anasema. "Walimla nyama, sasa wamerudi kunyonya mifupa."

Mwandishi wa makala haya alimpigia Chiriku simu. Alipokea mwenyewe, mchangamfu, mwenye adabu, na sauti ile hata katika simu inakufanya ukae vizuri kwenye kiti. Alipotajiwa Pumzi alifurahi sana. "Yupo? Mwambie simsahau, yule ni ndugu yangu wa damu!" Kisha akauliza: "Kwani jina lake nani vile?"

Kuyafikisha maneno hayo kwa Pumzi haikuwa kazi nyepesi. Aliyapokea akiwa ameketi juu ya tairi. Kisha, jambo lisilotarajiwa, uso wake ukalegea.

"Unajua," akasema, "mimi nilidhani ananidharau. Lakini yule mtu hajawahi kukumbuka neno ambalo halikutoka mdomoni mwangu. Nilimpa machozi, nikampa mlango, nikampa mapenzi, nikampa hata mashati. Majina yetu sikuwahi kumpa."

Kwa hiyo ataenda. Ameshampelekea mpwa jibu: anakubali kiti, anakubali pazia, haulizi tena habari ya majina. Mpwa amefurahi na kumwita mzee mwenye busara.

Jumamosi atampa Chiriku kila neno kwa uaminifu, wimbo hadi wimbo, kama zamani. Utafika wimbo wa mlango. Kijana wa tarumbeta atapiga lile kosa la Pumzi bila kukosea. Chiriku atageuka kushoto. Na Pumzi hatamnong'oneza "machozi." Atamnong'oneza majina manne, moja baada ya jingine, kuanzia la Radi.

Ameshayapima. Anachukua kipande cha tarumbeta mfukoni, anakirudisha, anaona afadhali aimbe. Kwa sauti isiyo nzuri hata kidogo anayaimba majina yale manne kwenye ubeti wa tatu, akipiga kiganja juu ya tairi. Yanaenea. La Nguzo linahitaji kuvutwa kidogo mwishoni, lakini kuvuta ndiyo kazi ya Chiriku.

Je, haogopi mpango huu kuandikwa gazetini kabla ya Jumamosi?

"Andika," anasema. "Mpwa hasomi magazeti. Na Chiriku hata akisomewa, atasahau."

Mkewe ameacha kukunja vitambaa. Amesimama mlangoni mwa kibanda, mikono kiunoni, na safari hii hana mzaha. "Na akinyamaza je, baba watoto? Ukimpa majina, naye akakataa kuyaimba, akanyamaza mbele ya watu wote wale?"

Pumzi anawasha kompresa, kisha anaizima tena ili asikike.

"Basi watausikia ukimya wake," anasema. "Ndivyo ulivyo wimbo ule bila sisi."